Mchezo na Chombo Chake: Historia Fupi ya Michezo ya Video Tangu Mwaka 1958

Kila sanaa ina chombo chake. Utenzi hukaa kinywani mwa watu na katika karatasi. Bao hukaa katika ubao uliochongwa, na ubao ukikosekana vishimo vilivyofukuliwa mchangani hutosha, maana kanuni zake zimo vichwani mwa wachezaji. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini ilizaliwa sanaa ambayo kwa jambo hili haifanani na hizo, nayo ni mchezo wa video. Mchezo huu hauonekani wala hauchezeki pasipo mashine, na aghalabu si mashine yoyote, bali ile moja iliyokusudiwa. Kwa hiyo historia yake ni historia ya vitu viwili vilivyofungwa pamoja na ambavyo umri wao haulingani. Mashine huchakaa upesi. Mchezo mzuri hauchakai. Makala haya yanaeleza jinsi vitu hivyo viwili vilivyokwenda pamoja, na hatari inayoukabili mchezo chombo chake kinapokufa.

Mwezi wa Oktoba 1958, katika maabara ya taifa ya Brookhaven, jimbo la New York, mtaalamu wa fizikia aitwaye William Higinbotham alitaka wageni wa siku ya maonyesho wapate kitu cha kuwachangamsha. Alibuni mchezo wa tenisi wa watu wawili, ukaonekana katika kioo kidogo cha osiloskopu, chombo ambacho kazi yake ya kawaida ni kuchora mawimbi ya umeme. Nukta ya mwanga ilikuwa mpira, na mstari ulikuwa uwanja. Mwaka wa 1959 mchezo ulionyeshwa tena, kisha ukafunguliwa na vipande vyake vikatumiwa katika kazi nyingine. Hakuna aliyedhani kwamba kitu cha thamani kimevunjwa. Maabara ilipotimiza miaka 50, mwaka wa 1997, iliwabidi mafundi waujenge upya kwa kufuata michoro ya zamani.

Bahati ya mchezo uliofuata ilikuwa nyingine. Mwaka wa 1962, katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Steve Russell na wenzake walikamilisha Spacewar!, mchezo wa vyombo viwili vya angani vinavyopigana huku vikivutwa na nyota iliyo kati yao. Waliutunga kwa ajili ya kompyuta ya PDP-1, na programu yake ilihifadhiwa katika utepe wa karatasi uliotobolewa. Hapakuwa na bei wala kizuizi. Aliyekuwa na mashine ya namna hiyo alipata nakala, akaihamisha na kuiongezea mambo. Hata leo, katika jumba la makumbusho ya historia ya kompyuta lililoko Mountain View, California, imo PDP-1 iliyofufuliwa ambayo huchezesha mchezo huo. Katika mifano hii miwili ya mwanzo fundisho lote limekwisha kuonekana: mchezo uliobaki peke yake ulipotea, na ulionakiliwa ukaishi.

Mchezo uliingia majumbani mwaka wa 1972. Ralph Baer, mhandisi aliyezaliwa Ujerumani na kuhamia Marekani angali kijana, alikuwa amekwisha kuunda mashine ya majaribio ya kuunganishwa na televisheni, na kampuni ya Magnavox ikaiuza kwa jina la Odyssey. Mashine hiyo haikuwa na sauti, nayo ilionyesha nukta na mistari tu. Mandhari ya mchezo ilichapwa katika plastiki angavu iliyobandikwa juu ya kioo cha televisheni. Mwaka huo huo Allan Alcorn wa kampuni ya Atari alitengeneza Pong, mashine ya kumbini iliyochezwa kwa kutumbukiza sarafu. Magnavox iliishtaki Atari kwa kutumia wazo lisilo lake, na mwaka wa 1976 wakapatana, Atari ikalipia kibali. Hivyo swali la nani mwenye mchezo liliingia pamoja na biashara yenyewe.

Hadi hapo mashine na mchezo vilikuwa karibu kitu kimoja. Vilitenganishwa mwaka wa 1976, kampuni ya Fairchild ilipotoa mashine ya Channel F, iliyoundwa chini ya uongozi wa mhandisi Jerry Lawson. Programu ya kila mchezo iliwekwa katika kijisanduku cha plastiki, yaani katriji, kilichochomekwa na kuchomolewa. Mwaka wa 1977 Atari ilifuata kwa mashine iliyokuja kuitwa 2600. Tangu hapo mashine moja ya nyumbani, au konsoli, iliweza kubeba michezo isiyo na idadi. Space Invaders, kazi ya Mjapani Tomohiro Nishikado ya mwaka 1978, na Pac-Man ya Toru Iwatani, iliyotoka mwaka wa 1980, zilianza katika mashine za sarafu kisha zikahamishiwa majumbani.

Hapa yafaa kuangalia jinsi chombo kinavyoiunda sanaa. Mashine ya sarafu hupata faida mchezaji anaposhindwa upesi na kutumbukiza sarafu nyingine. Ndiyo sababu michezo ya kumbini ilikuwa mifupi, mikali, na yenye kuhesabu alama. Nyumbani hakuna sarafu, na mchezo ulipohamia huko ukapata nafasi ya kurefuka. Mtafiti anayepanga michezo kwa aina zake, kama michezo ya shabaha, ya mafumbo, ya kuruka vikwazo au ya masimulizi, hawezi kuzieleza aina hizo bila kutaja mashine zilizozizaa.

Biashara ya Marekani iliporomoka mwaka wa 1983. Kampuni nyingi zilikuwa zimekimbilia faida, maduka yakajaa michezo duni, na kompyuta za nyumbani zikashuka bei. Mchezo wa E.T., uliotungwa na Howard Scott Warshaw kwa muda wa kama juma tano ili uwahi Krismasi ya mwaka 1982, umekuwa mfano unaotajwa daima, ingawa haukuwa sababu ya pekee. Mapato ya mwaka, yaliyokuwa yamefikia dola bilioni 3 hivi, yalishuka hata kuwa kama milioni 100 mwaka wa 1985. Atari ilizika shehena za katriji katika jaa la mji wa Alamogordo, New Mexico. Zilipofukuliwa mwezi wa Aprili 2014, zilipatikana takriban 1,300, na moja ikapelekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Kilichotupwa kama taka kilirudi kama kumbukumbu baada ya miaka 31.

Ufufuo ulitoka Japani. Nintendo ilitoa konsoli ya Famicom mwezi wa Julai 1983, nayo ikaingia Marekani mwaka wa 1985 kwa jina la NES. Ili kuzuia gharika ya michezo duni, kampuni iliweka ndani ya mashine hiyo kipande cha elektroniki kilichofanya kazi kama kufuli. Katriji isiyo na ufunguo wake ilikataliwa. Katika chombo hicho kilichofungwa zilitokea kazi kubwa za Shigeru Miyamoto na wenzake: Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na The Legend of Zelda ya mwaka 1986. Katriji ya Zelda iliyouzwa Marekani ilikuwa na betri ndogo iliyotunza mahali mchezaji alipofika, hata aweze kuendelea siku ya pili. Lakini betri ina mwisho wake, na inapokufa safari ya mchezaji hufutika.

Kinyume cha kufuli hiyo ni mambo yaliyotokea Moscow. Mwaka wa 1984 Alexey Pajitnov, mtafiti wa Chuo cha Sayansi cha Umoja wa Kisovyeti, alitunga Tetris kwa kompyuta ya Elektronika 60 isiyoweza kuchora picha. Vipande vya mchezo viliundwa kwa alama za mabano. Vadim Gerasimov alisaidia kuuhamishia kwenye kompyuta za IBM, na nakala zikasambaa kutoka mkono hadi mkono. Mwaka wa 1989, baada ya mashindano makali juu ya haki za kuuza, Tetris ilitolewa pamoja na Game Boy, mashine ya Nintendo ya kushikwa mkononi. Mtungaji hakupata malipo ya haki yake mpaka mwaka wa 1996. Pamoja na dhuluma hiyo, mchezo umevuka mashine nyingi kupita mwingine wowote wa wakati wake, kwa kuwa kanuni zake ni chache na hazitegemei chombo kimoja. Doom ya mwaka 1993 nayo ilipata maisha ya namna hiyo kwa njia nyingine: mwaka wa 1997 wenyewe walitoa maandishi ya programu yake kwa umma, na mafundi wameuhamishia karibu kila mashine yenye skrini.

Mwezi wa Desemba 1994 kampuni ya Sony ilitoa PlayStation, na diski ikaanza kuishinda katriji. Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilijaza diski 3 kwa picha na masimulizi ambayo katriji za wakati huo zisingeyaweza. Baadaye diski nayo ikaanza kutoweka, michezo ikanunuliwa kwa njia ya intaneti. Ndipo hatari ilipozidi, kwani duka likifungwa hakuna hata kitu cha kufukuliwa jaani. Mwezi wa Machi 2023 Nintendo ilisimamisha mauzo katika maduka ya Wii U na 3DS. Mwezi wa Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima mitambo ya The Crew, mchezo wa mwaka 2014, na walioununua hawakuweza kuucheza tena. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2023 na Video Game History Foundation ulionyesha kwamba katika kila michezo 100 ya kale iliyotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010, 87 haikuwa ikipatikana tena madukani.

Maktaba na makumbusho zimejitahidi, lakini sheria haijawafungulia mlango wote. Mwezi wa Oktoba 1024 + 1000, yaani 2024, Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuwaruhusu watafiti kuifikia michezo isiyouzwa tena wakiwa mbali na jengo la maktaba, kwa kuhofia hasara ya wenye mali. Hofu hiyo si ya bure, kwani mtunzi ana haki ya jasho lake, na kisa cha Pajitnov ni ushahidi. Walakini haki isiyoruhusu nakala yoyote huishia kulinda kitu ambacho hakipo.

Wasomi wa Kiswahili wanalijua jambo hili kwa mlango mwingine. Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa kuwa wa mwaka 1728, umewafikia wasomaji wa leo kwa sababu walikuwako watu waliokaa kuunakili, kwani karatasi za pwani huliwa na unyevu na wadudu. Na lugha yenyewe ina ushahidi wake ndani ya michezo ya video. Civilization IV, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2005, ulifunguliwa kwa wimbo wa Baba Yetu, ambao Christopher Tin aliutungia muziki juu ya maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka wa 2011 ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupewa heshima hiyo. Kwaya za nchi mbalimbali huuimba, na mwimbaji hahitaji kuwa na kompyuta wala kuujua mchezo. Wimbo umekwisha kuhama chombo chake, na kwa hiyo umesalimika.

Kuhifadhi mchezo, basi, si kuweka mashine kabatini. Yapasa kutunza maandishi ya programu, kutunza mashine au programu inayoiga mwendo wake, na kuandika desturi za wachezaji: maneno yao, mbinu zao, na jinsi walivyofundishana. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Sanaa hii haijatimiza miaka mia, na wengi walioishuhudia ikikua wangali hai. Daftari yake ingali yaweza kuandikwa.