Uharamia wa michezo ya kompyuta
Uharamia wa michezo ya kompyuta ni kunakili, kusambaza au kutumia mchezo bila idhini ya mwenye hakimiliki. Mfano unaofundisha zaidi ni Poland ya miaka ya 1990, ambako nakala haramu ziliuzwa hadharani katika masoko ya Warsaw. Sheria mpya ya hakimiliki, iliyolinda pia programu za kompyuta, ilipitishwa mwaka 1994. Mwaka huohuo Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianzisha kampuni ya CD Projekt. Mwaka 1999 walitoa mchezo wa Baldur's Gate kwa Kipolandi, sauti zikiigizwa na waigizaji mashuhuri, ndani ya boksi kubwa lenye ramani na CD ya muziki. Mchuuzi wa nakala haramu hakuwa na cha kushindana nacho.

Kufuli za kidijitali za kuzuia kunakili, kwa upande wake, mara nyingi hazifui dafu: wajuzi huzivunja, na anayebaki kusumbuka ni mnunuzi halali. Ndiyo maana GOG, duka la mtandaoni lililoanzishwa na CD Projekt mwaka 2008, huuza michezo isiyo na kufuli. The Witcher 3 (2015), mchezo wa CD Projekt yenyewe, uliuzwa humo hivyohivyo. Kufikia 2023, mauzo yake katika mifumo yote yalikuwa yamepita nakala milioni 50.