Nyumba na Kiwanja Chake

Katika lugha yetu kijana aliyefanikiwa husifiwa kwamba amejenga. Ni nadra kumsikia akisifiwa kwamba amenunua nyumba. Hata yule aliyenunua hulitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, kana kwamba amevaa kanzu iliyoshonewa mtu mwingine. Mazoea hayo yana historia yake, na historia hiyo yamhusu sana kila anayeanza kutafuta nyumba ya kununua. Katika insha hii twakusudia kueleza jambo moja ambalo wanunuzi wengi hukutana nalo baada ya fedha kwisha kutoka mfukoni: kwamba kwetu nyumba ni mali moja, na ardhi iliyoibeba ni mali nyingine.

Tuanze na Unguja. Katika mitaa ya Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe, watu wengi wa kipato kidogo, wakiwemo waliokuwa watumwa na wazao wao, walijenga nyumba za miti na udongo juu ya ardhi ya matajiri au ya wakfu. Nyumba ilikuwa yao. Waliweza kuiuza, kuirithisha, au kuipangisha. Ardhi haikuwa yao. Hapo kale mwenye ardhi hakudai kikubwa, kwa maana heshima na utii wa waliokaa kwake vilimtosha. Ardhi ya mji ilipopata bei, heshima ikageuzwa fedha. Kodi ya ardhi ilipanda hata wakazi wa Ng'ambo wakagoma kuilipa mwaka 1928. Wanafunzi walitafakari hilo: waliogoma hawakuwa wapangaji wa vyumba tu, walikuwa wenye nyumba. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya Serikali, bali Mombasa hadi leo wako watu wenye nyumba zisizo na ardhi.

Dar es Salaam nako hali ilifanana kwa sura nyingine. Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, Waafrika walikaa juu ya viwanja walivyovilipia kodi serikalini. Hapo wakasimamisha ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati tangu mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, baraza mbele, jiko na choo nyuma. Nguzo zilikuwa za mikoko, kuta za fito na udongo uliopakwa chokaa, paa la makuti, baadaye la madebe yaliyokunjuliwa, hatimaye la bati. Mwenye nyumba, na wengine walikuwa wanawake, alikaa chumba kimoja akapangisha vilivyobaki. Kodi ile ikamnunulia saruji ya sakafu, kisha bati, kisha mlango wa mninga. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki yake.

Sheria ya Ardhi ya 1923 ilikwisha kutangaza kwamba ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, chini ya mamlaka ya Gavana. Raia alipewa haki ya kuikalia na kuitumia. Baada ya Uhuru Taifa halikuuacha msingi huo, bali liliuimarisha. Miliki za kudumu zilizobaki tangu zama za Wajerumani ziligeuzwa mwaka 1963 kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka Serikalini, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukageuzwa haki ya kumiliki ardhi kwa muda. Sisi twaamini kwamba uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani nchi ya wakulima ikiuzwa kama nguo sokoni, mkulima ndiye atakayebaki uchi. Hata hivyo ulizaa maigizo katika mauziano. Kwa kuwa ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani, kilichoweza kuuzwa ni maendelezo yaliyo juu yake. Basi hati ziliandikwa kwamba fulani amemwuzia fulani minazi minne na banda, kwa bei ambayo ingetosha shamba zima la minazi. Wengine walichimba msingi, wakapanga mawe safu mbili, wakauza "msingi". Kila aliyehudhuria, tangu balozi wa nyumba kumi hadi shahidi wa mwisho, alijua ni kitu gani kilichouzwa.

Nasi tulipita njia hiyo. Katika miaka ya 1990, tukiwa bado daraja la chini katika utumishi, tulipatana bei ya nyumba ya vyumba vinne katika mji mmoja wa pwani. Tulitoa arubuni, tukaandikiana mbele ya mashahidi watatu, tukanywa chai ya muuzaji. Wiki ya pili akaja bibi mmoja na mkongojo wake, akatuuliza kwa upole: "Mwanangu, nyumba umeinunua kwa kijana wangu, mahali pa kuiweka umepanunua kwa nani?" Kiwanja kilikuwa cha marehemu mumewe, na warithi walikuwa saba. Arubuni ilirudi nusu, kwa mafungu, kwa muda wa mwaka na zaidi. Tumetunga mashairi mengi tangu hapo, lakini hakuna ubeti wetu uliofupisha sheria ya ardhi kama swali la bibi yule.

Fedha nazo zina historia yake. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likabomoa vibanda na kujenga nyumba bora Magomeni na kwingineko, baadhi zikilipiwa kidogo kidogo na waliokaa ndani hata zikawa zao. Mwaka 1973 Benki ya Nyumba ilianza kazi. Katikati ya miaka ya 1970 ukaja mradi wa viwanja na huduma, ambao Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ni matunda yake: mwananchi alipatiwa kiwanja kilichopimwa, chenye barabara na maji, akajenga kwa kadiri ya uwezo wake. Benki ya Nyumba ilifilisika mwaka 1995, na kwa miaka mingi baada ya hapo mwenye mshahara hakuwa na mlango wa kugonga. Ndipo wengi walipojenga tofali kwa tofali, na mitaa yetu ikajaa kuta zisizo na paa, zenye miche ya mipapai ndani ya sebule. Sheria ya 2008 juu ya mikopo ya rehani, na kampuni iliyoundwa mwaka 2010 kuyakopesha mabenki fedha za muda mrefu, zimeufungua mlango huo tena, ingawa riba yake bado humtisha mwalimu.

Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, ilikubali wazi kwamba haki katika ardhi ina thamani. Maigizo ya minazi minne hayana haja tena. Hata hivyo swali la bibi lingali palepale. Hati hutolewa kwa muda, aghalabu miaka 33, 66 au 99, na anayenunua leo hununua miaka iliyosalia, si miaka yote iliyoandikwa. Mahali pengine hakuna hati, pana leseni ya makazi tu, nayo ni haki ndogo zaidi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huanzia ofisi ya ardhi kabla ya kuanzia sebuleni: jina lililosajiliwa ni la nani, je, pana rehani, je, kodi ya ardhi imelipwa? Tena Sheria ya Ndoa ya 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Muuzaji anayesema mkewe "yuko safarini" na asubiriwe mpaka mke arejee.

Kizazi cha sasa kimeletewa fumbo jipya. Sheria nyingine ya 2008 imeruhusu mtu kuwa na hati ya sehemu ya jengo, yaani nyumba iliyo ghorofa ya nne, isiyogusa udongo hata kidogo. Anayeinunua hupata kuta zake, na pamoja nazo fungu katika ardhi, ngazi na paa, analoshirikiana na majirani wote. Ngazi ikivunjika hutengenezwa kwa fedha za wote, na mikutano ya kuzichanga, kama tulivyoishuhudia, ni mirefu kuliko ile ya warithi saba.