Chale za Wamaori: Sanaa na Kuponya Majeraha ya Ukoloni

Mkoloni anapoitawala nchi hachukui ardhi na kazi ya watu peke yake. Huchukua pia uwezo wao wa kujieleza wao ni nani. Mtu aliyenyang'anywa shamba anajua kwamba amenyang'anywa. Lakini mtu aliyefundishwa kuuonea haya uso wa bibi yake hajui kwamba ameibiwa, na huendelea kujiibia mwenyewe hata baada ya bendera ya mkoloni kushushwa. Hiyo ndiyo kasumba. Je, sanaa inaweza kuitibu? Historia ya Wamaori, wenyeji wa New Zealand, inatupa jibu lenye mafunzo, kwa kuwa kwao mapambano ya fikra yalifika hadi kwenye ngozi ya uso.

Uso uliokuwa hati

Chale za Wamaori huitwa moko. Hapo kale fundi hakutumia sindano. Alishika patasi ndogo ya mfupa, akaigonga kwa kijiti na kutia masizi ndani ya jeraha, hata uso ukabaki na mifereji kama ubao ulionakshiwa. Mistari ile ilieleza ukoo wa mtu na cheo chake. Wanaume wenye cheo walichanjwa uso. Wanawake, midomo na kidevu. Kwa hiyo moko haikuwa pambo tu. Mwaka 1840, Mkataba wa Waitangi ulipotiwa saini na Waingereza, baadhi ya machifu walichora sehemu ya moko zao mahali pa jina.

Uso wageuzwa bidhaa

Wamaori walikuwa na desturi ya kukausha vichwa vya wapendwa wao kwa heshima, na vya maadui kwa kejeli. Januari 1770, Joseph Banks, mtaalamu wa mimea aliyesafiri na James Cook, alikitaka kichwa kimoja kwa bei ya suruali ya ndani kuukuu. Mzee aliyekuwa nacho aliposita, alitishiwa bunduki. Ndivyo biashara ilivyoanza. Miaka ya 1820 vichwa vilikuwa vikibadilishwa kwa bunduki.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Kabila lisilo na bunduki lilihofia kuangamizwa na lenye bunduki, na baadhi ya wakubwa waliwachanja mateka chale ili wawaue na kuuza vichwa vyao. Sisi wa mwambao na bara tunaifahamu biashara ya namna hiyo: mnyonge huuzwa na mkubwa wa kwao, na faida hukaa ng'ambo. Gavana wa New South Wales aliipiga marufuku mwaka 1831, lakini vichwa vingi vilikwisha kufika katika majumba ya makumbusho. Nasi tunalijua jeraha hilo. Kichwa cha Mtwa Mkwawa kilipelekwa Ujerumani baada ya kifo chake mwaka 1898, kikatajwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na Wahehe wakasubiri hadi 1954 fuvu liliporudishwa Kalenga.

Baada ya biashara ikaja sheria. Sheria ya 1863 iliruhusu ardhi ya Wamaori walioitwa waasi itaifishwe, na zaidi ya hekta milioni moja zikachukuliwa. Mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya kuwakomesha tohunga. Ililenga waganga na watabiri. Lakini tohunga ni mtaalamu wa fani yoyote, awe mganga, mchongaji au fundi wa chale. Hivyo elimu nzima ya wazee ilitiwa doa la ushirikina. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1962. Katika miaka hiyo yote walioiweka moko hai walikuwa hasa akina mama.

Kupona kwa njia ya mapambano

Moko haikurudi kwa sababu ya mapenzi ya sanaa tu. Mwaka 1975 mama mzee, Whina Cooper, aliongoza maandamano marefu hadi Wellington kudai ardhi. Mwaka 1976 Tanzania ilikataa kwenda katika Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilipeleka timu ya raga kwa makaburu. Wanariadha wetu, akiwemo Filbert Bayi, walibaki nyumbani. Timu ya makaburu ilipozuru New Zealand mwaka 1981, maelfu waliingia barabarani, na Wamaori wakawauliza Wazungu wenzao: mbona ubaguzi wa hapa nyumbani hamuuoni? Mwaka 1982 zikaanza shule za chekechea za lugha yao. Mwaka 1987 lugha hiyo ikawa rasmi. Katika wimbi hilo vijana waliwaendea wazee kuulizia mistari ya koo zao.

Hapo ndipo ilipo dawa. Kuchanjwa moko humkutanisha mtu na jamaa zake, nasaba ikatajwa na lugha ikasemwa. Anayeponywa si mtu mmoja. Tangu 2003 makumbusho ya taifa, Te Papa, yamepewa kazi ya kurudisha mabaki ya wahenga. Ufaransa ilikabidhi vichwa 20 mwaka 2012, na makumbusho ya New York vichwa 35 mwaka 2014. Mwaka 2020 Nanaia Mahuta, mwenye moko kidevuni, aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.

Hata hivyo tusijidanganye. Wamaori ni kama mmoja kati ya raia sita, lakini ni kama nusu ya wafungwa. Sehemu kubwa ya ardhi haijarudi. Sanaa humrudishia mtu heshima ya kusimama na kudai; haiwezi kudai badala yake.

Wajibu wetu

Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa. Hata hivyo, bado wapo wanaomcheka bibi wa Kimakonde kwa chale zake, huku wakilipia tatuu za mtindo wa kigeni mjini. Hatusemi watoto wachanjwe tena. Desturi huchujwa, na mwili wa mtu ni wake. Tunasema bibi yule aulizwe maana ya mistari yake, na majibu yaandikwe, maadamu yupo. Taifa linalomwona mzee wake kuwa kichekesho limekubali kuendelea kutazamwa kwa jicho la mkoloni.