Gobore, Baridi na Makoti Mekundu: Stori ya Walenga Shabaha wa Marekani Ambayo Muvi Hazikwambii

Jumamosi asubuhi, mvua inapiga, upepo unakata masikio, na watu wazima wamelala kifudifudi juu ya turubai lililojaa tope. Kuna baba kaja na binti yake wa miaka kumi na kitu, kuna mama wa makamo, kuna kijana aliyefikiri anajua kupiga kwa sababu amecheza sana magemu. Kila mmoja ana bunduki ndogo, na mbele yake, mita 25, kuna karatasi yenye vivuli vya watu waliovaa koti jekundu.

Hakuna anayesema turudi nyumbani. Mvua si sababu.

Hiyo ni wikiendi ya Project Appleseed, mradi ulioanza Marekani mwaka 2006. Siku mbili, Jumamosi na Jumapili, watu wa kawaida wanafundishwa kulenga kwa njia ya kizamani: mkanda wa ngozi au wa kitambaa uliozungushwa mkononi, mwili chini, pumzi taratibu. Jina limetoka kwa yule jamaa wa hadithi zao aliyezunguka akipanda mbegu za matofaa. Wazo ni lile lile, kupanda mbegu, ila hapa mbegu ni ujuzi.

Sasa ngoja. Kilichowafanya wengi warudi si bunduki. Ni stori. Kati ya zoezi na zoezi, watu wakiwa wanatetemeka na chai mkononi, mwalimu anasimulia siku moja tu: tarehe 19 Aprili 1775.

Karatasi ya kwanza kabisa siku ya Jumamosi inapigwa risasi 13, kwa sababu makoloni yaliyoasi yalikuwa 13. Vivuli vinne vimechorwa vidogo vidogo ili kwa mita 25 vionekane kama mtu aliye yadi 100, 200, 300 na 400. Hapo ndipo majigambo yanapoisha. Yule kijana wa magemu anaangalia karatasi yake na kukuta matundu yametawanyika kama mtu aliyemwaga mchele.

Halafu anafundishwa. Kwanza mkanda, ubane mkono na bunduki viwe kitu kimoja. Kiwiko kikae chini ya bunduki, mfupa ubebe uzito badala ya msuli, maana msuli ukichoka unatetemeka. Kisha funga macho, vuta pumzi, itoe, fungua macho. Je, bunduki bado inaangalia shabaha? Kama imehama, usiisukume kwa mikono. Sogeza mwili mzima, kiuno, tumbo, miguu, mpaka bunduki yenyewe ianguke pale. Ukiisukuma kwa nguvu, ukivuta triga tu inarudi ilikotoka. Jicho likae kwenye kile kinundu cha mbele cha mtutu, si kwenye shabaha. Pumzi ikitoka yote kuna sekunde kadhaa za utulivu, na hapo ndipo triga inavutwa polepole. Risasi ikitoka, kabla hujaangalia karatasi, useme imeenda wapi.

Kwenye jua zuri hayo ni magumu. Kwenye baridi ni mateso. Kidole kikifa ganzi hujui umevuta triga kiasi gani. Miwani inaingia ukungu kila ukipumua. Koti nene linasukuma kitako cha bunduki mbele, mkanda uliokuwa sawa jana leo haufiki. Karatasi zinalowa na kuchanika. Na mtu anayetetemeka hana utulivu wa pumzi hata afanyeje. Ila wapo wanaosema hali mbaya ndiyo mwalimu mzuri, kwa sababu mwili ukiwa haukusaidii, unabaki na mbinu tu.

Turudi 1775, maana huko nako kulikuwa na baridi.

Usiku wa tarehe 18, askari wa Uingereza kama 700 walitoka Boston kimyakimya, wakavushwa mto kwa mashua na kushushwa kwenye matope. Walitembea ndani ya maji, wakasimama gizani na nguo zimelowa wakisubiri chakula kigawiwe. Lengo lao lilikuwa mji wa Concord, kwenda kuharibu silaha na baruti za mgambo. Siri ilikuwa imevuja zamani. Wapanda farasi walishatangulia kuamsha vijiji.

Pale Lexington, mgambo waliitwa usiku wa manane. Wakasubiri uwanjani, adui haonekani, baridi inauma. Nahodha wao akawaruhusu waondoke, wengine wakaingia kwenye kilabu cha pombe jirani. Alfajiri ngoma ikalia, wakatoka mbio. Walipanga mstari watu kama 77. Hebu fikiria, 77 mbele ya jeshi la dola kubwa duniani. Na huyo nahodha alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, alifariki Septemba mwaka huo huo.

Nani alifyatua kwanza? Mpaka leo hakuna aliyethibitisha. Moshi ulipotoweka, mgambo 8 walikuwa wamekufa na 10 wamejeruhiwa. Inasimuliwa kuwa mmoja wao alijikokota akivuja damu mpaka mlangoni kwake, akakata roho mbele ya mkewe. Nyumba yake ilikuwa inatazamana na uwanja. Mke aliona kila kitu.

Kati ya wale majeruhi alikuwepo mtu mweusi. Mtumwa. Kwenye orodha ya waliopigwa siku hiyo wenzake waliandikwa majina tu, ila lake liliongezewa maneno ya kueleza rangi yake. Alisimama kwenye mstari ule kupigania uhuru wa watu waliokuwa wanammiliki. Alipona, akaendelea kupigana kwenye vita ile, na baadaye ndipo akaachiwa huru. Muvi nyingi za vita hii zinampita kama hakuwepo.

Waingereza wakaendelea mpaka Concord. Kwenye daraja la kaskazini wakakuta mgambo kama 400, na safari hii waliorudi nyuma ni makoti mekundu. Kisha ikaja safari ya kurudi Boston, na hiyo ndiyo iliyowaua. Mgambo walikuwa wanamiminika kutoka kila kijiji, jumla zaidi ya 3,500, wanapiga kutoka nyuma ya kuta za mawe, miti na madirisha. Bila kikosi cha msaada cha watu kama 1,000 kilichowakuta Lexington, wasingefika. Mapigano mabaya zaidi yalikuwa kijiji cha Menotomy, nyumba kwa nyumba. Hapo kuna mzee wa karibu miaka 80 aliyejificha nyuma ya ukuta na gobore na bastola zake mbili. Alipiga watatu kabla hawajamfikia. Wakampiga risasi ya shavu, wakamchoma singe mara kadhaa, wakamwacha wakijua amekufa. Aliishi miaka 18 mingine. Kumi na nane, mdau.

Jioni, Waingereza walihesabu 73 waliokufa, 174 majeruhi na 26 wasiojulikana walipo. Upande wa pili ni 49 waliokufa, 39 majeruhi na 5 waliopotea.

Sasa hapa ndipo stori inapogeuka. Wamarekani wengi wamekua wakiamini siku ile ilishindwa na walengaji hatari wa porini, kila risasi mtu chini. Piga hesabu mwenyewe. Maelfu ya watu, karibu siku nzima, barabara ya karibu kilomita 30, adui kavaa nyekundu na anatembea kwa safu. Wakapatikana 273. Risasi nyingi sana ziliishia hewani na kwenye miti.

Sababu moja ni silaha. Wengi wao walibeba gobore, lenye mtutu laini ndani, kama yale ambayo bado yanatajwa kwenye habari za majangili wa huku kwetu. Risasi ya duara inagongagonga ndani ya mtutu na kutoka kwa bahati yake. Zaidi ya yadi 80 au 100 unaomba Mungu. Faida yake ni haraka, askari aliyefunzwa anapiga mara tatu kwa dakika, na unaweza kufunga singe mbele.

Bunduki ya mifereji, ambayo ndani ya mtutu ina michirizi inayoizungusha risasi, ilikuwa ya wawindaji wa milimani huko Pennsylvania na Virginia. Inapiga mbali, yadi 200 na zaidi, ila kushindilia risasi yake kunachukua muda na haina singe. Hao jamaa waliitwa rasmi Juni 1775, kampuni kumi, na walipofika karibu na Boston wakawa mastaa. Watu walienda kuwatazama wakilenga. Pia wakawa kero: hawapendi kupewa amri, wakafanya fujo kambini mpaka mkuu wa jeshi akaingilia mwenyewe. Mastaa ni mastaa, hata karne ya 18.

Na hali ya hewa haikuwa inacheza. Silaha zote hizo zilitegemea cheche ya jiwe na baruti kavu. Desemba 1776 kule Trenton, asubuhi baada ya Krismasi, theluji na mvua ya barafu vililowesha bunduki, na amri ikatoka kwamba watumie singe. Septemba 1777 huko Pennsylvania, majeshi mawili yalikuwa tayari kuvaana, mvua ya ajabu ikashuka, risasi za karatasi za Wamarekani zikalowa maelfu kwa maelfu, na pambano likaishia hapo. Wakaliita Pambano la Mawingu.

Kwa hiyo ule ujuzi ambao taifa lilijisifia nao kwa miaka mia, wengi hawakuwa nao. Ushahidi mwingine ulikuja baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1871 maofisa wawili wa zamani wa upande wa kaskazini, mmoja mhariri wa gazeti la kijeshi na mwingine mwanasheria, walianzisha chama cha kufundisha kulenga kwa sababu askari wao walikuwa wanapiga ovyo. Chama hicho ndicho NRA, kile kile unachokisikia leo kwenye siasa. Kilianza kama darasa.

Kikafungua uwanja Creedmoor, Long Island. Kisha Waayalandi, waliokuwa wametoka kuwafunga Waingereza na Waskoti, wakatuma changamoto. Tarehe 26 Septemba 1874, watu sita kwa sita, yadi 800, 900 na 1,000, maelfu wakitazama. Waayalandi walitumia bunduki za kushindilia kwa mbele, wenyeji za kisasa za kupakia nyuma. Mmoja wa Waayalandi akapiga katikati kabisa, pointi 4 safi. Tatizo, ilikuwa shabaha ya jirani. Sifuri.

Ikabaki risasi moja ya Mmarekani, Ayalandi ikiongoza kwa pointi moja. Joto lilikuwa kali, huyo jamaa akafungua chupa ya soda ya tangawizi, ikapasuka mkononi. Damu. Akafunga leso, akalala chini, akapiga katikati. 934 kwa 931.

Hivyo kwenye wikiendi ya mvua, mwalimu anaposisitiza hakikisha unapiga karatasi yako, hatanii. Jumapili jioni wanapewa tena ile karatasi ya Jumamosi, vivuli vile vile, risasi 13 zile zile. Kabla ya hapo kuna mtihani wa risasi 40 kwa mikao mitatu na saa inakimbia, pointi 250, na ukifika 210 unapewa beji. Wengi hawafiki mara ya kwanza. Wanakunja turubai zao zenye tope, wanauliza tarehe ya wikiendi ijayo.

Na yule mtumwa wa Lexington, zaidi ya miaka 200 baadaye, amewekewa jiwe la kumbukumbu lenye jina lake. Liko mbele ya kile kilabu ambamo wenzake walijificha baridi usiku ule.