Baiskeli na Safari za Mbali Katika Nchi ya Tunduma

Vitabu vingi vinavyoeleza Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki hutaja askari, wapagazi, bunduki na njaa. Baiskeli hutajwa kwa nadra, wala haijapewa mahali pake katika historia ya nchi iliyo kati ya mto Songwe na Tunduma. Hata hivyo chombo hicho ndicho kilichompeleka jemadari wa Wadachi hadi mahali alipoipata habari ya mwisho wa vita.

Wakati huo baiskeli ilikuwa haijatimiza hata miaka 50 tangu ilipotambuliwa kuwa chombo cha safari za mbali. Februari 1869 Mwingereza John Mayall alitoka London akafika Brighton, mwendo wa maili 50 na zaidi, akipanda baiskeli nzito ya magurudumu ya mti. Mwaka 1878 Waingereza waliunda chama cha wasafiri wa baiskeli, na mwaka 1886 kijana G. P. Mills akaikata nchi yao yote kutoka Land's End mpaka John o'Groats kwa siku 5, saa 1 na dakika 45, juu ya baiskeli ya zamani yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Muda si muda aina hiyo ikaachwa. Rover ya J. K. Starley, iliyotokea mwaka 1885, ilikuwa na mnyororo na magurudumu yaliyokaribia kulingana. Mwaka 1888 J. B. Dunlop akaleta mpira wa upepo.

Kwa vijana wale safari ndefu ilikuwa mchezo na fahari. Katika Afrika ya kati shabaha ilikuwa nyingine kabisa. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe, basi mizigo yote ilichukuliwa kwa vichwa vya watu. Lakini njia nyembamba zilizokanyagwa na wapagazi wakifuatana mmoja mmoja ziliifaa baiskeli, ambayo haihitaji upana, wala majani, wala maji. Hapana budi kukumbuka jambo hili kila isifiwapo baiskeli ya Mzungu: njia yake ilikuwa imelainishwa na nyayo za wachukuzi.

Mojawapo ya njia hizo ni ile iliyoitwa kwa jina la James Stevenson, aliyetoa fedha zake ili ziwa Nyasa liunganishwe na ziwa Tanganyika. Kazi ilianza mwaka 1881, lakini sehemu kubwa ilibaki kuwa njia iliyofyekwa tu. Katika mapatano ya Julai 1890 mpaka ulipitishwa kaskazini yake ili njia isiwaponyoke Waingereza. Kwa hiyo Fife na Mwenzo zikawa ng'ambo, Tunduma na Mbozi zikawa za Wadachi.

Jemadari Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa mpandaji baiskeli tangu mwanzo wa vita. Usiku wa kuamkia Novemba 3, 1914 aliingia mjini Tanga kwa baiskeli kuupeleleza. Miaka minne baadaye, akirudi kutoka Msumbiji, alipita Mbozi, akaishambulia Fife mwanzoni mwa Novemba 1918 bila kuitwaa, kisha akashika njia ya Kasama. Novemba 13 alitangulia kwa baiskeli kuelekea mto Chambeshi. Nyuma yake akaja Kapteni Müller, naye juu ya baiskeli, akamwambia kwamba Mwingereza wa pikipiki amekamatwa na barua: vita vilikuwa vimekwisha Ulaya siku mbili nyuma. Kikosi kiliweka silaha chini Abercorn, yaani Mbala, Novemba 25. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo, wa pande zote mbili, ni makumi ya maelfu. Jina la kikosi chao cha Kiingereza limebaki Dar es Salaam katika mtaa wa Kariakoo.

Ajabu ni kwamba utawala wa Wadachi, uliotuachia neno shule, haukuacha neno la Kidachi kwa chombo hiki. Baiskeli, breki, pampu, tairi na spoki yote yametoka katika Kiingereza. Yamkini sababu ni biashara: baada ya vita baiskeli zilizoenea zilikuwa za Kiingereza, kama Raleigh ya Nottingham, na wengi walizinunua kwa mshahara wa migodini.

Lakini hata Kiingereza hakikushinda kila mahali. Kivukapo mpaka wa Tunduma, chombo kile kile hubadili jina: Wabemba huita incinga, na katika Kinyanja ni njinga. Tena katika Kiswahili cha Katanga huitwa kinga, neno lililo karibu na hayo kuliko na lile la pwani. Yaelekea basi kwamba katika jambo hili Kiswahili cha Katanga kiliyasikiliza makabila ya kusini, ambayo watu wake walikutana migodini, kabla ya kuusikiliza mwambao.