Spana ya Kongwa

Wengi wakisikia Chimwaga siku hizi huwaza ukumbi wa mikutano na Chuo Kikuu cha Dodoma. Sisi tuliokulia upande ule miaka ya 1970, baada ya Operesheni Dodoma kuzikusanya familia zetu katika vijiji vya ujamaa, tunakumbuka pia ushirika wa jioni wa ndugu wa uamsho, na mzee mmoja aliyesimama kila mara kushuhudia habari ya spana.

Injili ilikuwa ya zamani Ugogo. Wamisionari wa CMS walifungua kituo Mpwapwa miaka ya 1870, kisha Mvumi mwaka 1900, na mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Central Tanganyika. Lakini mtu aliweza kubatizwa, akajifunza kusoma, na moyo ukabaki ulipokuwa. Ndipo moto uliowaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika kwetu. Mmoja wa waliouleta alikuwa mwalimu kijana kutoka Kigezi, Festo Kivengere, aliyekuja na mkewe Mera kufundisha Dodoma miaka ya 1940, zamani kabla hajawa askofu. Ndugu hawa walishika neno ambalo si kila mchungaji alilifurahia: dhambi itajwe kwa jina lake mbele za watu, na kilichoibwa kirudishwe.

Mzee wetu alikuwa kibarua katika mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza Kongwa mwaka 1947. Vitabu vya shule vinaueleza mradi ule kwa matrekta, mibuyu iliyokataa kung'oka, udongo uliokauka ukawa kama saruji, na mvua iliyokosekana, hadi ukaachwa mwaka 1951. Yote ni kweli. Yeye alituonyesha Kongwa nyingine: mahema ya vibarua, foleni ya posho, vijana waliouona mshahara wa fedha kwa mara ya kwanza. Humo aliiba spana kubwa na kuiuza. Msimamizi alipohesabu vifaa, lawama ikamwangukia mwenzake waliyelala hema moja, akafukuzwa bila ujira wake.

Miaka ikapita, mzee akaokoka. Alisema amani ilikaa wiki moja tu, halafu spana ikaanza kumwamsha usiku. Akauza mbuzi wawili, akatembea hadi Kongwa na fedha mfukoni. Mradi umekwisha. Wazungu wa karanga wamekwenda zao, na hakuna wa kumpokea malipo. Hapo sisi watoto tulicheka kila mara, naye alituacha tucheke.

"Bwana akaniambia," aliendelea, "deni lako haliko kwa Mzungu."

Akamtafuta yule mwenzake, akampata kwao upande wa Mpwapwa, kwenye tembe iliyobomoka pembe moja. Alimweleza yote akiwa amesimama jua kali, akazitoa zile fedha. Mwenzake hakuzigusa. Alisema kwa Kigogo kwamba mwaka ule aliofukuzwa, mama yake alikuwa akimngojea aje na chakula.

Wapendwa, tumesikia shuhuda nyingi tangu hapo, na nyingi humalizika kwa kukumbatiana na kuimba. Hii tuliisikia labda mara ishirini. Tulikuwa tunangoja siku atakayoongeza kwamba yule mtu alimsamehe, hata mama mmoja wa ushirika aliwahi kumwuliza, "Baba, hakusema neno la msamaha kabisa?" Mzee alitikisa kichwa. Alikuwa na miaka yote ya kuitengeneza hadithi yake ipendeze, na hakuna shahidi ambaye angembishia. Aliiacha vilevile.

Alisema tu kwamba yule mtu aliingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji, akampa anywe kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Fedha zilibaki juu ya jiwe mlangoni. Yeye akashika njia ya Dodoma, na hakugeuka kutazama kama ziliokotwa.