Kisu na Kipandauso

Mtoto wa Gitega au Muyinga asemapo kwa Kirundi kwamba umutwe unamuuma, mwenyeji wa Lamu, ambaye kichwa hukiita kitwa, aweza kumfahamu. Mgusii wa magharibi ya Kenya naye husema omotwe. Neno ni moja. Je, maradhi nayo ni mamoja? Historia ya upasuaji yatujibu kuwa sivyo.

Miongoni mwa Wagusii walikuwako mafundi waitwao ababari. Mtu aliyepigwa kichwani, kisha akasumbuliwa na maumivu yasiyokoma, alipasuliwa ngozi ya kichwa, na mfupa ukakwanguliwa kidogo kidogo pasipo kuujeruhi ubongo. Madaktari walioandika habari hizi katika miaka ya 1950 na 1960 walistaajabu kuona wengi wakiishi. Lakini fundi huyo alitibu matokeo ya pigo, wala si kipandauso, maradhi yashikayo mara nyingi upande mmoja wa kichwa, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga.

Kipandauso nacho kilitafutiwa chuma tangu kale. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki yapata mwaka 1013, alieleza jinsi ya kukichoma kwa chuma cha moto, na hata kutia kitunguu saumu chini ya ngozi. Kwetu palikuwa na kuumika, ambako Warundi hukuita kurumika: ngozi huchanjwa, na damu hufyonzwa kwa chuku.

Mwaka 2000, Bahman Guyuron, mpasuaji wa Cleveland, Marekani, alieleza kuwa baadhi ya watu aliowaondolea makunyanzi ya kipaji walipona kipandauso. Mwaka 2009 alitangaza jaribio la wagonjwa 75. Kati ya waliopasuliwa kweli, asilimia 57 maumivu yaliwatoka kabisa. Kati ya waliochanjwa kwa kisingizio tu, asilimia 4. Hata hivyo, zaidi ya nusu ya hao wa pili walipata nafuu kubwa. Hapa twaona kwa nini chuku ilisifiwa karne nyingi: imani pekee huleta nafuu. Mwaka 2013, chama cha Marekani cha wataalamu wa maumivu ya kichwa kilishauri upasuaji huo usifanywe nje ya utafiti.

Basi, walimu wenzangu, tusiridhike na mwanafunzi kusema “kichwa chaniuma”. Tumfundishe kueleza: ni upande gani, tangu lini, je, alianguka au alipigwa? Maneno hayo ndiyo yatakayomwongoza tabibu. Neno litangulie, kisu kifuate, kama kina haja ya kufuata.